Wanne kwa laki, kisha zaidi ya elfu: Marekani ilivyowahesabu wagonjwa wa uchovu sugu

Desemba 2023 Kituo cha Taifa cha Takwimu za Afya cha Marekani kilitoa ripoti fupi ambayo wagonjwa na watafiti walikuwa wameidai kwa miaka mingi. Kwa mara ya kwanza nchi ile ilipata makadirio ya kitaifa, yaliyotokana na utafiti wa kaya wa nchi nzima, ya watu wanaoishi na ugonjwa wa uchovu sugu, ule ambao madaktari huuandika kwa kifupi ME/CFS. Jibu lilikuwa asilimia 1.3 ya watu wazima kwa miaka ya 2021 na 2022. Marekani ina watu wazima wapatao milioni 258, kwa hiyo tunazungumzia watu takriban milioni 3.3.

Sasa rudi nyuma hadi Februari 1997. CDC, yaani Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, ambacho ofisi hiyo ya takwimu iko chini yake, kilichapisha matokeo ya kuufuatilia ugonjwa huohuo katika miji minne. Kilipata wagonjwa kati ya 4.0 na 8.7 kwa kila watu 100,000. Ukiipeleka ile asilimia 1.3 kwenye kipimo hicho, inakuwa watu 1,300 kwa kila 100,000. Hata ukichukua makadirio ya juu ya mwaka 1997, tofauti inakaribia mara 150.

Ugonjwa haukulipuka kwa kiasi hicho katika robo karne. UVIKO-19 umeongeza wagonjwa, na nitalifikia hilo, lakini hauwezi kubeba tofauti yote. Kilichobadilika zaidi ni nani aliulizwa, aliulizwa akiwa wapi, na aliulizwa nini. Nimekichagua kisa cha Marekani kwa sababu kila hatua ya safari hiyo imeandikwa na inaweza kufuatiliwa, na kwa sababu watu hunukuu tarakimu moja kati ya hizi bila kujali ilivyopatikana, kisha wanajenga juu yake hoja za bajeti, za bima na hata za kumwambia mgonjwa kwamba haumwi.

Ugonjwa usio na kipimo cha maabara

Kabla ya hesabu, ni vizuri kuelewa kinachohesabiwa. Kila mtu huchoka. Mwenye ugonjwa huu hachoki kwa namna hiyo. Mwaka 2015 kamati ya Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka vigezo ambavyo leo ndivyo vinavyotumika sana nchini humo: uwezo wa mtu kufanya shughuli zake umeshuka sana kwa zaidi ya miezi sita pamoja na uchovu mzito usioondoka kwa kupumzika, usingizi haumburudishi, na hali yake huzidi kuwa mbaya baada ya kujitumikisha. Juu ya hayo matatu lazima awe na moja kati ya mawili: ama akili na kumbukumbu zimezorota, ama mwili haustahimili kusimama.

Kati ya hayo yote, lile la kuzidiwa baada ya kujitumikisha ndilo lenye kuutambulisha ugonjwa. Mtu anafua nguo chache, au anakaa na wageni kwa saa moja, au anasoma kwa makini. Wakati ule anaweza kuonekana mzima kabisa. Saa kadhaa baadaye, au kesho yake, anaporomoka. Maumivu yanarudi, mwanga na kelele vinamtesa, maneno hayaji, na anaweza kulala hivyo kwa siku au kwa wiki. Kwa mujibu wa kamati hiyohiyo, angalau robo ya wagonjwa hufikia hatua ya kushindwa kutoka nyumbani au kitandani katika kipindi fulani cha ugonjwa wao. Watu hawa wanateseka kweli, na wengi wao walikuwa wachapakazi kabla ya homa au maambukizi fulani kuwaangusha.

Kwa anayehesabu, tatizo linaanzia hapa. Malaria ina kipimo cha haraka. Kisukari kina sukari kwenye damu, na upungufu wa damu una hemoglobini. Ugonjwa wa uchovu sugu hauna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayomaliza ubishi. Daktari huutambua kwa kusikiliza, kwa vigezo, na kwa kuondoa magonjwa mengine yanayochosha, kama vile matatizo ya tezi ya shingo, kifua kikuu, VVU, upungufu wa damu na ugonjwa wa kushindwa kupumua usingizini. Kwa hiyo vigezo ndivyo kipimo. Ukivibadilisha, idadi ya wagonjwa inabadilika hata kama hakuna aliyeugua wala aliyepona.

Hesabu iliyoanzia kwa daktari

Miaka ya 1984 na 1985, katika mji mdogo wa Incline Village jimboni Nevada, kando ya ziwa Tahoe, madaktari wawili, Paul Cheney na Daniel Peterson, walianza kupokea wagonjwa wengi wenye dalili zilizofanana: watu waliougua kama mafua na hawakupona. CDC ilituma wachunguzi wake. Mwaka 1988 kundi la wataalamu likiongozwa na Gary Holmes likatoa vigezo vya kwanza na kuupa ugonjwa jina la uchovu sugu. Matukio ya namna hiyo hayakuwa mapya. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free jijini London ilifungwa kwa miezi kadhaa baada ya wafanyakazi wake wapatao 290 kuugua, na tangu mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kuuweka ugonjwa huo, kwa jina lake la zamani, kwenye kundi la magonjwa ya mfumo wa neva.

Kuanzia Septemba 1989 hadi Agosti 1993, CDC ilifuatilia miji ya Atlanta, Reno, Wichita na Grand Rapids. Njia iliyotumika ilikuwa rahisi: madaktari waliochaguliwa waliombwa kuwapeleka wagonjwa wao waliokuwa na uchovu usioelezeka, kisha wachunguzi wakawapima kwa vigezo vya 1988.

Fikiria mtu alipaswa kupita wapi ili ahesabiwe. Kwanza aumwe. Kisha awe na nguvu ya kwenda hospitali, na awe na bima au fedha, maana Marekani haina huduma ya afya ya bure kwa wote. Daktari atakayempata awe anaamini kwamba ugonjwa huu upo, jambo ambalo miaka ile wengi hawakuliamini. Daktari huyo awe miongoni mwa walioshiriki, akumbuke kumpeleka, na mwisho mgonjwa akidhi vigezo vilivyokuwa vikali. Kila hatua ilipunguza watu, na haikuwapunguza kwa usawa. Waliobaki mwishoni walikuwa karibu wote Wazungu, na wengi wao wanawake. Magazeti yalikuwa tayari yameubandika ugonjwa jina la dhihaka, mafua ya vijana wasomi wenye kazi nzuri, na takwimu zile zilionekana kulithibitisha. Kumbe zilionyesha tu ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumwona daktari na kusikilizwa.

Naona hilo ndilo kosa lililoumiza watu kwa muda mrefu kuliko yote katika kisa hiki. Wanne kwa laki ni ugonjwa adimu, na ugonjwa adimu hauna haraka. Mwaka 1999 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani ilibaini kwamba kati ya dola milioni 22.7 ambazo CDC ilisema imezitumia kwa ugonjwa huu tangu 1995 hadi 1998, milioni 8.8 zilikuwa zimekwenda kwenye shughuli nyingine na milioni 4.1 hazikuwa na maelezo ya kutosha. Aliyeibua jambo hilo alikuwa William Reeves, mkuu wa utafiti wa ugonjwa huo ndani ya CDC yenyewe. Shirika liliomba radhi na kuzirejesha fedha hizo kwa miaka kadhaa. Siwezi kuona namna ambavyo hali hiyo ingetokea kwa ugonjwa ambao taifa linaamini una mamilioni ya wagonjwa.

Kupiga hodi: Chicago na Wichita

Leonard Jason, mwanasaikolojia wa jamii wa Chuo Kikuu cha DePaul, alikataa kuanzia kwa daktari. Timu yake ilipiga simu kwa namba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu jijini Chicago, ikawahoji watu wazima 18,675 kwa Kiingereza na Kihispania. Waliokuwa na uchovu wa miezi sita au zaidi walikuwa 780. Kati yao, 408 walikuwa na dalili zilizofanana na za ugonjwa wenyewe. Hatua iliyofuata ndiyo inayofanya utafiti ule uheshimiwe hadi leo: watafiti hawakuridhika na simu. Waliwaita watu kwa uchunguzi kamili wa mwili na wa akili, na 166 wakaukamilisha. Jopo la madaktari likapitia mafaili na kukubali wagonjwa 32.

Kutoka hao 32, kwa hesabu za kitakwimu, yakapatikana makadirio ya watu 422 kwa kila 100,000, yaani asilimia 0.42. Utafiti ulichapishwa mwaka 1999. Wanawake walikuwa 522 kwa 100,000 na wanaume 291. Kundi lililokuwa na kiwango kikubwa zaidi lilikuwa Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, 726 kwa 100,000, zaidi ya mara mbili ya Wazungu. Wenye kazi za kitaalamu na za ofisini hawakuwa kileleni. Na takriban tisa kati ya kila kumi ya wagonjwa waliothibitishwa hawakuwahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana ugonjwa huu.

Niseme wazi kwamba wagonjwa 32 ni wachache. Ukiwagawanya kwa jinsia na asili, kila kundi linabaki na watu wa kuhesabika kwa vidole, na tarakimu kama 726 inaweza kupanda au kushuka sana kwa mtu mmoja au wawili. Lakini jambo kubwa halitegemei udhaifu huo: ukiacha kungoja hospitalini na kuwafuata watu majumbani, unapata wagonjwa mara kadhaa zaidi, na wana sura tofauti na ile iliyokuwa magazetini.

CDC nayo ilifuata njia hiyo. Huko Wichita, Kansas, mji uleule uliokuwa kwenye ufuatiliaji wa awali, ilipiga simu kwa kaya karibu 34,000 na kupata taarifa za watu wazima zaidi ya 56,000, kisha ikawachunguza kliniki waliokuwa na dalili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalikuwa watu 235 kwa kila 100,000, na ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 142 na 327. Wanawake walikuwa 373, wanaume 83. Asilimia 16 tu ya wagonjwa walikuwa wameshaambiwa na daktari kuwa wana ugonjwa huu. Kwa kutumia matokeo ya Wichita, wachumi wa CDC walikadiria mwaka 2004 kwamba taifa linapoteza dola bilioni 9.1 kwa mwaka kwa kazi ambazo wagonjwa hawawezi kuzifanya, nje ya gharama za matibabu.

Mji mmoja, shirika moja, na zaidi ya mara 25 ya kiwango cha juu kilichotangazwa mwaka 1997. Vigezo vilikuwa vimelegezwa kidogo mwaka 1994, lakini sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kubisha hodi.

Georgia na vigezo vilivyotanuliwa

Baada ya hapo mambo yalielemea upande wa pili. Vigezo vya 1994, vinavyojulikana kwa jina la Keiji Fukuda, vilimtaka mgonjwa awe na uchovu wa miezi sita pamoja na dalili angalau nne kati ya nane. Kuzidiwa baada ya kujitumikisha ilikuwa moja tu kati ya hizo nane, kwa hiyo mtu aliweza kuitwa mgonjwa bila kuwa nayo. Mwaka 2005 kundi la Reeves lilijaribu kuvigeuza vigezo hivyo kuwa alama za dodoso. Nia ilikuwa njema, maana kila mchunguzi angepima kwa namna moja. Ila mipaka ya alama iliwekwa kiasi kwamba mtu angeweza kuhesabiwa kuwa na ulemavu wa kutosha kwa sababu za kihisia pekee, hata kama mwili wake ulikuwa haujapoteza nguvu.

Utafiti wa jimbo la Georgia, uliochapishwa mwaka 2007, ulitumia alama hizo na kuwachuja watu kwa kuuliza kwa upana zaidi kama hawajisikii vizuri, badala ya uchovu tu. Ukapata asilimia 2.54 ya watu wenye umri wa miaka 18 hadi 59. Ni zaidi ya mara kumi ya Wichita, ndani ya miaka minne, kutoka shirika lilelile. Ni kama gunia la lumbesa: kwenye daftari linaandikwa moja, ndani yake limeshindiliwa zaidi ya gunia. Mwaka 2009 Jason na wenzake walivijaribu vigezo hivyo kwa watu 37 wenye sonona kali wasio na ugonjwa wa uchovu sugu, na 14 kati yao, yaani asilimia 38, wakaangukia kwenye kundi la wagonjwa wa uchovu sugu.

Wapo waliofurahia tarakimu ya Georgia kwa kuwa ni kubwa, na tarakimu kubwa huvuta fedha. Siungani nao. Ukichanganya wenye sonona na wenye ugonjwa huu katika kundi moja, dawa inayowasaidia wa kwanza itaonekana inawasaidia wote, na mgonjwa anayeporomoka baada ya kutembea hatua mia ataagizwa afanye mazoezi. Mwenye sonona naye anakosa tiba iliyo yake. Hesabu iliyotanuliwa inawadhuru wote wawili.

Swali moja kwa taifa zima

Tuirudie sasa ripoti ya 2023. Inatokana na Utafiti wa Kitaifa wa Afya kwa Mahojiano, unaofanyika Marekani tangu mwaka 1957. Wahojaji huchagua kaya kitaalamu nchi nzima na kumhoji mtu mzima mmoja katika kila kaya. Kwa miaka ya 2021 na 2022 walihojiwa watu wazima zaidi ya 57,000. Kila mmoja aliulizwa kama amewahi kuambiwa na daktari au mhudumu mwingine wa afya kwamba ana ugonjwa huu, na aliyejibu ndiyo akaulizwa kama bado anao.

Basi. Hakuna aliyechunguzwa mwili wala kuulizwa kuhusu kuzidiwa baada ya kujitumikisha.

Nguvu ya njia hii ni upana wake. Si mji mmoja tena bali nchi yote, mashamba na majiji, matajiri na maskini. Kwa hiyo inaruhusu kulinganisha. Wanawake walikuwa asilimia 1.7 na wanaume 0.9, pengo dogo kuliko wengi walivyodhani. Wazungu walikuwa asilimia 1.5, Weusi 1.2, Walatino 0.8 na wenye asili ya Asia 0.7. Kiwango kilipanda kadiri umri ulivyoongezeka hadi miaka 60 hadi 69, kisha kikashuka. Kilikuwa kikubwa zaidi kwa maskini kuliko kwa wenye kipato kizuri, na kikubwa zaidi vijijini kuliko katika majiji makubwa. Ile hadithi ya ugonjwa wa vijana wenye fedha imezikwa na dodoso la serikali yenyewe.

Tuwe waangalifu na hilo la umaskini, hata hivyo. Ugonjwa huu huwaondoa watu kazini. Mhandisi aliyeugua miaka kumi iliyopita, akapoteza ajira na bima, akarudi kuishi kwa dada yake kijijini, leo atahesabiwa kama maskini wa kijijini mwenye uchovu sugu. Utafiti unaopiga picha ya wakati mmoja hauonyeshi kipi kilitangulia, umaskini au ugonjwa. Nadhani vyote viwili vipo, lakini ripoti ile haiwezi kutumika kuthibitisha upande mmoja.

Ugumu wenyewe uko kwenye tarakimu mbili zinazonukuliwa pamoja kila siku. Ya kwanza ni hiyo asilimia 1.3 ya watu wazima, ambao wote waliambiwa na mhudumu wa afya. Ya pili ni ile ya kamati ya 2015, kwamba kati ya asilimia 84 na 91 ya wagonjwa hawajagunduliwa. Zizidishe uone. Kama watu milioni 3.3 waliokwisha kuambiwa ni asilimia 9 hadi 16 tu ya wagonjwa wote, basi Marekani ina wagonjwa kati ya milioni 20 na milioni 37. Hakuna mtafiti makini anayeamini hivyo, na hakuna uchunguzi wa kliniki uliowahi kukaribia huko. Tarakimu hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja kwa jinsi zinavyosemwa.

Maelezo yako wapi? Sehemu moja ni kwamba ugonjwa unajulikana zaidi sasa kuliko enzi za Chicago na Wichita, kwa hiyo wanaoambiwa wameongezeka. Sehemu nyingine ni UVIKO-19. Mradi mkubwa wa Marekani uitwao RECOVER, unaochunguza athari za muda mrefu za UVIKO-19, ulioripoti Januari 2025 ulikuta kwamba asilimia 4.5 ya washiriki waliopata UVIKO-19 walitimiza vigezo vya ugonjwa huu, dhidi ya 0.6 ya wasioambukizwa. Mahojiano ya 2021 na 2022 yalifanyika katikati ya wimbi hilo.

Sehemu ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ni makosa ya kawaida ya majibu. Chukua mfano wa kubuni. Tuseme ugonjwa wa kweli uko kwa watu 400 kati ya 100,000, na tuseme swali ni zuri kiasi kwamba kati ya wasio wagonjwa, 995 kati ya kila 1,000 watajibu hapana kwa usahihi. Inaonekana ni swali bora sana. Lakini wale watano wanaobaki katika kila elfu ni karibu watu 500 kati ya laki, wengi kuliko wagonjwa wenyewe. Inatosha wawe watu waliomsikia daktari akisema "una uchovu wa muda mrefu" wakalichukua kama jina la ugonjwa, au waliopewa jina hilo haraka kabla tezi yao haijapimwa. Kwa ugonjwa ulio chini ya asilimia moja, kosa dogo la swali huzaa wagonjwa wengi wasiokuwapo.

Wakati huohuo kuna wanaokosekana. Asiye na daktari hawezi kuwa ameambiwa kitu na daktari. Hapa ndipo naona Chicago na ripoti ya 2023 zinazungumza. Watafiti walipowafuata watu kwa simu na kuwachunguza wenyewe, Walatino walikuwa juu ya wote. Swali lilipolazimu kupitia kwanza kwa mhudumu wa afya, Walatino wakawa karibu na mwisho. Chicago ilikuwa ndogo, nimeshasema, na siwezi kuapa kwa 726. Ila mwelekeo huo ni mzito mno kuupuuza, hasa katika nchi ambako Walatino ndio wanaokosa bima ya afya kuliko Wazungu, Weusi na Waasia. Pia takriban nusu ya walioombwa mahojiano ndio walioshiriki, na mtu aliyelala gizani kwa sababu mwanga unamwumiza hana nafasi kubwa ya kumfungulia mhoji mlango.

Kwa hiyo asilimia 1.3 ina watu wasiostahili kuwamo na inawakosa wanaostahili. Hakuna anayejua kama makundi hayo mawili yanafutana, kwa kuwa waliojibu ndiyo hawakuchunguzwa.

England na Nigeria

England imefika kwa njia nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Gemma Samms na Chris Ponting, walichapisha mwaka 2025 uchambuzi wa kumbukumbu za hospitali za huduma ya taifa ya afya, NHS, na kukadiria watu 404,000 kwa Uingereza nzima, takriban asilimia 0.6 ya wakazi. Kwa miaka mingi tarakimu iliyozoeleka ilikuwa 250,000. Walikuta pia kwamba Wazungu wana nafasi kubwa kuliko wenzao Weusi na wenye asili ya Asia ya kuandikiwa ugonjwa huu, karibu mara tano, katika nchi ambayo matibabu ni bure. Fedha peke yake, basi, haiwezi kueleza nani anaambiwa na nani haambiwi. Kuaminiwa na daktari ni sehemu ya hesabu.

Na kwa wanaodhani huu ni ugonjwa wa nchi tajiri, mwaka 2007 Mary Njoku, Jason na mwenzao walichapisha utafiti wa Nigeria uliofanywa kwa kuwahoji watu na kuwachunguza. Walipata asilimia 0.68, juu ya Chicago. Katika nchi ambako uchovu hupewa kwanza jina la malaria au la homa ya matumbo, wagonjwa walikuwapo na hawakuwa wachache.

Ukiniuliza leo ni Wamarekani wangapi wana ugonjwa huu, nitajibu kwa sentensi mbili, si kwa tarakimu moja. Tafiti zilizochunguza watu kliniki kwa vigezo vya 1994 kabla ya UVIKO-19 zinatupa kati ya 0.2 na 0.4 ya kila watu wazima mia. Utafiti wa kitaifa wa wanaosema waliambiwa na daktari unatupa 1.3. Hata ukishika ile ya chini, wanaozidi nusu milioni wanaishi hivi. Kwa kulinganisha, ugonjwa wa maltipo sklerosisi, unaoshambulia ubongo na uti wa mgongo, una Wamarekani wapatao milioni moja, na Taasisi za Taifa za Afya huutengea zaidi ya dola milioni 100 za utafiti kwa mwaka. Uchovu sugu umekuwa ukipata chini ya milioni 20.

Kinachohitajika kinajulikana kwa sababu Chicago ilishakifanya. Swali la dodoso limekwisha kuwekwa na taifa limekwisha kulijibu. Kati ya waliohojiwa mwaka 2021 na 2022, kwa hesabu ya haraka, mia saba hivi walisema wanao ugonjwa huu. Katika mzunguko ujao, sehemu ya watu wa namna hiyo, pamoja na sehemu ya waliojibu hapana lakini wana uchovu usioisha, ifuatwe nyumbani na daktari anayejua kuuliza kuhusu siku inayofuata baada ya kujitumikisha, na damu zao zipimwe ili kuondoa magonjwa mengine. Wafuatwe nyumbani, na wasiitwe kliniki, kwa sababu wagonjwa walio hoi ndio ambao kila hesabu hadi sasa imewaacha nje.